Lazaro, Kushoto

Katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, mtu anayecheza katikati ya ukuta, yule anayeinama juu ya mpira na kuupitisha kati ya miguu yake kumpa mrushaji aliye nyuma, haimbwi na mtu. Mchezo hauanzi mpaka yeye atake, na bado hakuna binti aliyewahi kubandika picha yake ukutani. Lavoy Pettaway alikuwa mtu huyo kwa misimu minne katika Chuo cha Lowery, mji wa Pruitt, Alabama, na picha zake zote zilizotoka gazetini zilikuwa za makalio. Bibi yake, Earlene, alizikata hivyo hivyo akazitia kwenye fremu sebuleni. "Nitashindwaje kuyajua?" aliwaambia wageni. "Si mimi niliyeyaosha?"

Aliyebandikwa ukutani alikuwa Dorian. Mama zao walikuwa mtu na mdogo wake. Mmoja alikufa mapema, mwingine alikwenda kutafuta maisha Detroit na maisha yakamficha, kwa hiyo watoto wote wawili walikulia kwa Bibi Earlene, kitanda kimoja, mpaka Lavoy alipoanza kukijaza peke yake. Dorian ndiye alikuwa mrushaji. Mrefu, mwembamba, mwenye mkono unaoona mbali kuliko macho ya watu wengine. Tangu wakiwa wadogo, wakicheza na soksi iliyoshindiliwa matambara katikati ya kamba za kuanikia nguo, Lavoy alitoa na Dorian akarusha. Hawakuwahi kukaa chini wakagawana kazi hiyo.

Kulikuwa na mtu wa nne nyumbani, Mjomba Cleotis, kaka wa mama zao. Naye aliwahi kuvaa jezi ya Lowery, ile nyekundu iliyoiva, mwaka ambao chuo kilichukua ubingwa mara ya mwisho. Pruitt nzima inaukumbuka mwaka ule. Vinyozi wanaukumbuka, wahubiri wanaukumbuka, hata waliozaliwa baadaye wanaukumbuka. Asiyeukumbuka vizuri ni Cleotis mwenyewe. Hakuwa amefika sitini, lakini alishinda barazani na koti lake la ubingwa, akiuliza swali moja asubuhi mpaka jioni, na funguo za gari zikipotea mlikwenda kuzitafuta kwenye friji. Watu wakimsifu kwamba siku zake hakukosa mechi hata moja, agongwe asigongwe, Bibi alikuwa akibetua midomo na kusema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua." Kisha anabadilisha mazungumzo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kubwa. Mjomba akiuliza mara kumi, ajibiwe mara kumi, na kila mara iwe kama ya kwanza. Kusema "umeshauliza" mbele ya Bibi Earlene kulikuwa kosa la kunyimwa chakula.

Sasa, kila mwezi wa nane, kabla mazoezi hayajapamba moto, wachezaji wa Lowery waliingizwa kwenye chumba cha kompyuta wakapimwa akili. Maneno yanapita mbele yako, halafu unaulizwa umeyaona yapi. Maumbo, rangi, tarakimu za kusoma kinyumenyume. Matokeo yanawekwa. Msimu ukianza, mtu akigongwa kichwa anarudishwa kwenye kompyuta ile ile, na akipata chini ya alivyopata mwezi wa nane anakaa benchi mpaka kichwa kipone. Ni mpango mzuri. Aliyeubuni alikuwa na nia njema, ila hakuwahi kulala bwenini na vijana wanaotaka kucheza.

Kwa maana vijana wale walikuwa na msemo wao, unaopitishwa na wakubwa kwa wadogo kama kovu la ukoo: mwezi wa nane, akili iache bwenini. Ukijipunguza mwenyewe mapema, hakuna kipigo kitakachokupunguza zaidi. Lavoy aliupata kwa jitu moja la mwaka wa mwisho siku ya kwanza alipofika, na jioni hiyo hiyo akampelekea Dorian, kwa kuwa hakuwa na kitu kizuri asichompelekea Dorian.

"Lakini mimi maneno yale nayakumbuka yote," Dorian alisema. Alikuwa hodari wa darasani na alitaka kuikomoa ile kompyuta.

"Ndiyo maana nakwambia. Sahau kidogo. Usisahau sana, mashine itakushtukia. Sahau kama mtu aliyelala vibaya."

"Yaani nijifanye mjinga?"

"Jifanye mjinga leo, ucheze mwezi wa kumi na moja."

Dorian alicheka, akajifanya mjinga, na kila mwaka akajifanya tena. Mwaka wa nne Lavoy alikuwa nahodha, na yeye ndiye aliyewakusanya wachezaji wapya nyuma ya jengo la mazoezi na kuwafundisha. Hakuona aibu. Alijiona analea.

Msimu ulianza vibaya, kisha ukanoga. Mechi ya kwanza walifungwa kwenye mvua kule Mississippi, wakarudi na tope mpaka masikioni. Kocha Mayhew, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, aliwaambia jambo moja tu ndani ya basi: "Nimeona. Na nyie mmeona. Tusionyeshwe tena." Hawakuonyeshwa tena. Walishinda, wakashinda, na kufikia majani kupukutika watu wa Pruitt walishafunga utepe mwekundu kwenye masanduku yao ya barua, na mchungaji wa kanisa la Mlima Nebo alianza kufupisha mahubiri kwa kisingizio kwamba sauti yake ameiacha uwanjani. Siku ya wahitimu wa zamani kurudi kukitembelea chuo, moshi wa kambare wa kukaanga ulitanda mpaka barabara kuu, bendi ikapita, na Cleotis akazungushwa uwanjani kwenye gari la wazi akipungia watu. "Tunacheza na nani?" alimuuliza Bibi aliyekaa pembeni yake. Bibi akamjibu. Akauliza tena. Akamjibu tena, huku na yeye anapunga.

Zikabaki mechi mbili. Ile ya kabla ya mwisho ilichezwa Georgia, na huko ndiko jambo lilikotokea.

Dorian alikuwa amerudi nyuma kurusha, anatazama kulia, na jamaa akamjia kushoto asikoona. Helmeti ilipiga chini kwa kishindo ambacho Lavoy alikisikia katikati ya kelele zote zile. Dorian akainuka. Akainuka haraka mno, kama mtu aliyekutwa amelala kazini, akainua kidole gumba kuelekea benchi. Wenzake wakajikusanya kwenye duara kumsikiliza, maana mrushaji ndiye anayetaja mchezo unaofuata.

"Yona, kulia," Dorian akasema. "Kwa mbili," yaani Lavoy atoe mpira hesabu ikifika mbili.

"Nani?" akauliza kijana wa ukuta wa kulia.

Lavoy alilitambua jina. Kule sekondari yeye na Dorian walifundishwa mpira na Shemasi Gaines, mzee wa kanisa ambaye michezo yake yote aliipa majina ya Biblia ili, kama alivyosema, hata wakifungwa wawe wamejifunza kitu. Yona ulikuwa mchezo wa mkimbiaji kuingia tumboni mwa lile rundo la watu na kutapikwa upande wa pili. Lavoy hakuwa amelisikia jina lile tangu amalize shule, na katika timu nzima hakuna mwingine aliyewahi kulisikia. Dorian alikuwa amelitaja bila kupepesa, macho makavu, kama lilikuwa la jana.

Wote walikuwa wanangoja.

"Kasema thelathini na nne kulia," Lavoy akawaambia. "Mmeziba masikio? Kwa mbili. Twendeni."

Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, Yona wa Shemasi na thelathini na nne ya Kocha Mayhew vilikuwa kitu kimoja. Mkimbiaji akaingia, akatokea, akavuka mstari. Kabla mechi haijaisha Dorian alitaja majina ya Shemasi mara nyingine kadhaa, na kila mara Lavoy akatafsiri, na kila mara mchezo ukafaulu. Walishinda. Basini waliimba njia nzima, na kinachoumiza ni kwamba Lavoy aliimba kuliko wote. Alijiona amemsitiri ndugu yake, na kumsitiri ndugu ni kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Kesho yake, Jumapili, walikula kwa Bibi kama kawaida. Kuku wa kukaanga, sukuma iliyochemshwa na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi. Bibi aliwapokea mlangoni. "Karibuni, waume zangu. Nani ana njaa?"

"Mimi sina, Bibi. Nina ukame," Lavoy akasema, akachapwa kitambaa cha jikoni mgongoni.

Walipokwisha kuomba na sahani kuanza kuzunguka, Mjomba Cleotis akafuta mdomo. "Jana mmecheza na nani?"

"Na watu wa Georgia, Mjomba," Lavoy akamjibu. "Tumewafunga."

"Vizuri sana. Nipe mkate."

Dorian akainua kichwa kutoka kwenye sahani yake. Alikuwa hajasema kitu tangu akae.

"Bibi," akauliza, "jana tumecheza na nani?"

Kijiko cha Bibi kikatua mezani. Hakupaza sauti; Bibi Earlene hakuwahi kuhitaji kupaza sauti.

"Dorian Pettaway. Usimcheze shere mjomba wako mezani kwangu."

Dorian alimtazama. Kisha akamtazama Cleotis, kisha Lavoy, na Lavoy akauona uso wake unahangaika kutafuta pa kushika. Halafu akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha.

"Samahani, Bibi. Nilikuwa natania."

"Utani una pake. Huyu alikubeba mabegani kabla hujajua kutembea. Mwombe radhi."

"Samahani, Mjomba."

"Kwa lipi?" Cleotis akauliza, na kwa kweli hakujua.

Bibi akaokota kijiko chake. Lavoy akatazama kuku wake asimwone kuku. Neno lilikuwa ulimini kabisa, Bibi, hakuwa anatania, lakini Dorian alimkanyaga mguu chini ya meza, na Lavoy akalimeza.

Barazani, baada ya kula, alimbana.

"Hukuwa unatania."

"Nilipitiwa. Sijalala vizuri."

"Jana ulitaja Yona."

"Na tukafunga, si ndiyo?"

"Dorian."

"Jumamosi moja, Lavoy! Imebaki moja tu. Kuna mtu wa ligi ya kulipwa anakuja kunitazama, Kocha mwenyewe kaniambia. Wewe utakuwa mwalimu, shule imeshakupa kazi, kesho kutwa unafunga tai. Mimi nina mkono huu tu."

"Na kichwa."

"Kichwa nitakipumzisha Jumapili." Alishusha sauti. "Na kama unataka kusema, basi sema yote. Sema tunachofanya mwezi wa nane. Sema nani alinifundisha. Watuweke benchi wote, halafu Kocha ampange nani? Mjomba?"

Ndani ya nyumba Cleotis alikuwa anamuuliza Bibi jana vijana wamecheza na nani.

Jumatatu, mtabibu wa timu, Bi Whitlock, ambaye aliliona lile anguko na hakulipenda, alimketisha Dorian mbele ya kompyuta. Dorian alitoka jasho. Alijitahidi kwa akili yote aliyokuwa nayo, na akapata kile kile alichokipata mwezi wa nane alipokuwa anajifanya mjinga. Bi Whitlock aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje, akamkuta Lavoy anafunga viatu.

"Kompyuta inasema yuko sawa," akasema. "Sijui kwa nini siiamini. Wewe unamsikia sauti kila mchezo, unamjua kuliko mimi. Niambie wewe. Yuko sawa?"

Alikuwa mama mzima, mwenye mvi za pembeni, na hakuwa anatega mtego. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Lavoy alivuta kamba ya kiatu mpaka ikakatika.

"Yuko sawa, Bi."

Na hapo ndipo mwandishi wa habari hii anapomkasirikia Lavoy, ingawa anampenda. Uwanjani alikuwa na papara. Kwa Bi Whitlock alikuwa na wiki nzima mbele yake ya kusema kweli.

Jumamosi ilifika na jua lake. Walikuja Calloway, mahasimu wa tangu enzi za babu, na aliyeshinda angechukua ubingwa. Ilikuwa pia siku ya kuwaaga wa mwaka wa nne, ambao kila mmoja huingia uwanjani na mzazi wake, jina linatangazwa, watu wanasimama. Bibi Earlene aliingia katikati ya vijana wake wawili, kofia ya kanisani kichwani na maua mkononi, akitembea taratibu kwa makusudi ili shangwe isiishe upesi. Cleotis alifuata nyuma na koti lake. Walipofika katikati, Bibi alimvuta Dorian akamnong'oneza, na Lavoy alisikia: "Ile Jumapili nilikuwa mkali. Leo nimeshasahau. Na wewe sahau."

"Nimeshasahau, Bibi," Dorian akasema.

Alicheza nusu ya kwanza kama malaika. Lavoy alimsikiliza kila neno na hakuna hata moja lililopotea, akaanza kujidanganya kwamba wiki imemponya. Calloway nao walikuwa wagumu, wakafunga, wakafungwa, wakafunga. Kufikia dakika za mwisho Lowery walikuwa nyuma kwa pointi nne, mpira ukiwa wao, na mstari uko pale pale mbele yao, hatua chache tu ambazo mtoto angezitembea. Watu walikuwa wamesimama wote, bendi inapiga bila kupumua.

Mchezo uliotangulia Dorian alikuwa ameangushwa. Halikuwa anguko la kutisha. Wawili walimkalia tu, kama ilivyo kawaida. Alipoinuka alijipangusa, akaenda moja kwa moja kwenye duara la Calloway. Refa akamgeuza, watu wakacheka, na yeye akacheka. Akaingia kwenye duara la kwao.

"Lazaro, kushoto," akasema.

Vijana hawakuuliza kitu safari hii. Walimgeukia Lavoy, wote kwa pamoja, wakingoja tafsiri. Walikuwa wamezoea.

Lazaro ulikuwa mchezo wa ujanja wa Shemasi. Mrushaji anapokea mpira na kujiangusha kama aliyepigwa risasi, na maadui wakishamsahau anafufuka na kukimbia nao kushoto. Ulikuwa wa kufurahishana mazoezini tu; sheria za mpira hazikuuruhusu kabisa. Mrushaji akigusa chini kwa goti, kwisha habari yake. Ulikuwa mchezo wa watoto. Na Dorian, akiona Lavoy amenyamaza, alimsogelea, helmeti kwa helmeti, akamwambia kwa furaha, "Usiogope. Shemasi kasema tukifunga hapa atatununulia barafu."

Shemasi Gaines alikuwa amezikwa tangu mwaka juzi. Dorian ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

"Lavoy," kijana wa kulia akamhimiza, "kasemaje?"

Lavoy akawapa mgongo bila kutafsiri. Wakaenda kwenye mstari kwa mazoea ya miguu. Akainama. Akaushika mpira, ngozi yake ya vipele chini ya vidole, na nyuma yake akasikia sauti anayoijua kuliko ya kwake ikianza kuhesabu, ile ile ya katikati ya kamba za kuanikia nguo. Kilichobaki ni mkono wake tu. Ukutani mbele yake palikuwa na majitu ya Calloway yanayohema kama fahali, yakingoja mpira usogee yamrukie mtu ambaye hakujua yuko mwaka gani.

Hakuutoa.

"Toa," Dorian akasema. Kisha kwa nguvu: "Toa, Lavoy!"

Hakuutoa. Sekunde za kuutoa mpira zikaisha, refa akatupa kibendera cha njano, wakarudishwa nyuma yadi tano. Uwanja mzima uliguna. Wakajipanga tena, Kocha Mayhew anapiga kelele pembeni mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na Lavoy akainama tena, na sauti ikahesabu tena, na kwa mara nyingine tena mkono ukakataa. Kuzomea kukaanza juu kwenye majukwaa, kukashuka. Hakuwahi kuzomewa maishani mwake. Hata kujulikana hakuwahi kujulikana. Machozi yalimdondoka ndani ya helmeti, mengine yakaangukia mpira.

Halafu akasimama wima, mpira kwapani, akaondoka nao. Alivuka uwanja polepole huku filimbi zinalia na wenzake wanamshika jezi, mpaka kwa Bi Whitlock.

"Mwezi wa nane tunadanganya," akasema. "Sote. Dorian mimi ndiye niliyemfundisha. Ulivyoniuliza Jumatatu nilikudanganya. Hayuko sawa, Bi. Hajawa sawa tangu Georgia."

Bi Whitlock hakungoja amalize. Alikuwa ameshaanza kukimbia. Kocha Mayhew alimfuata, bado amekasirika, bado anadhani ni wazimu wa Lavoy, mpaka alipofika mbele ya Dorian.

"Kijana, uko wapi hapa?"

"Uwanjani, Kocha."

"Uwanja gani?"

Dorian aliyatazama majukwaa, watu wote wale, wekundu mtupu. Aliona aibu kidogo kwa kuulizwa jambo rahisi hivyo.

"Kwa Shemasi," akasema.

Kocha akavua kofia yake, akaishika kifuani. Kisha miguu ya Dorian ikalegea, na Bi Whitlock akamdaka kabla hajafika chini.

Lowery walifungwa. Mrushaji wa akiba alijaribu, maskini, na mpira ukaanguka nyasini. Calloway wakachukua ubingwa wao kimya kimya, kwa heshima ya gari la wagonjwa lililokuwa bado linatoka. Wapo watu wa Pruitt ambao mpaka leo wanaamini Lowery wangefunga pale. Wapo waliomhama Bibi kiti kanisani.

Hospitalini Montgomery waligundua damu imevuja ndani ya fuvu, wakalitoboa wakaitoa. Daktari hakusema Lavoy amemwokoa, wala hakusema amechelewa. Alisema wangoje.

Bibi Earlene alikuwa kwenye kiti cha korido na kofia yake bado kichwani. Lavoy alikuja akasimama mbele yake.

"Ile Jumapili mezani," Bibi akasema. "Hakuwa anamcheza shere mjomba wake."

"Hapana, Bibi."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nimgombeze mgonjwa. Ukaniacha nimwambie aombe radhi. Mwanangu Cleotis alinificha vipigo vyake, nikasema sikujua. Leo nitasema nini?"

Lavoy alipiga magoti. Bibi hakumgusa. Wauguzi wakawapita, ndipo aliposema, kwa sauti iliyochoka, "Nenda ukakae naye. Ameamka, anauliza."

Dorian alikuwa amelazwa na bandeji kubwa, macho wazi.

"Lavoy. Tumeshinda?"

"Hapana, kaka. Tumefungwa."

"Kwa nini? Tulikuwa pale pale mstarini."

"Nilikataa kutoa mpira. Ulikuwa umeumia, ukataja Lazaro. Nikamwambia Bi Whitlock yote."

Uso wa Dorian ulibadilika. Lavoy alikuwa amejiandaa kwa hasira, lakini si kwa hasira ile. "Wewe? Wewe ndiye umenifanyia hivyo? Toka. Sitaki kukuona, toka!" Akageukia ukutani akalia. Baada ya kitambo kilio kikaisha. Akageuka tena, macho makavu, uso umetulia.

"Lavoy. Tumeshinda?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Muuguzi mmoja mwema alimshauri aseme ndiyo. Lakini Lavoy alikuwa ameshatafsiri vya kutosha. Na alilelewa katika nyumba yenye sheria.

"Hapana, kaka," akasema, kama mara ya kwanza. "Tumefungwa."

Na Dorian akauliza kwa nini, naye akamwambia, na ile hasira ikazaliwa upya machoni pake, nzima, mbichi, na Lavoy akafukuzwa tena. Ndivyo walivyoishi. Alikuja kila siku baada ya darasa, akakaa kwenye kiti kile kile, akaulizwa, akakiri, akafukuzwa, akaulizwa. Bibi alikaa dirishani akifuma, amempa Lavoy mgongo. Ila siku moja alimletea Lavoy sahani ya kuku, akaiweka magotini mwake.

Kisha ikaja siku moja ya mvua, majani yote yameshaanguka. Lavoy aliingia, akavua koti, akakaa. Dorian alimtazama. Lavoy alingoja swali, jibu likiwa tayari mdomoni.

"Umefuata nini?" Dorian akasema. "Si nilikwambia jana nisikuone hapa?"

Lavoy akabaki kitini, anamkodolea macho.

"Nimesema toka, Lavoy. Umeninyang'anya mpira. Siwezi hata kukutazama."

Lavoy akainuka, akagonga kiti, akatoka mpaka koridoni. Bibi alimkuta ameegemea ukuta anatikisika.

"Nini, baba? Kakufukuza tena?"

"Kanifukuza, Bibi," Lavoy akasema, huku anacheka na kulia kwa pamoja, amemshika mabega yote mawili. "Hajauliza. Amekumbuka. Bado ananichukia tangu jana."

Bibi Earlene akafumba macho. Kisha akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maua, wakasimama hivyo katikati ya korido, wakiwazuia watu njia.